Urithi Wenye Masharti: Mafunzo Niliyopata Kwenye Klasi Dhahania

Kazi yangu kubwa ni kurekebisha mifumo iliyoandikwa na wengine. Shule inataka mfumo wake wa ada upokee malipo ya simu, saccos inataka taarifa za mikopo zitoke kwa wakati, duka la jumla limeachwa na fundi aliyehamia mji mwingine na hakuna anayejua nenosiri la seva. Kwenye kazi hii unasoma msimbo wa watu zaidi kuliko unavyoandika wako. Na katika msimbo wa Java, PHP, Python na C# nilioupitia hapa Dar es Salaam, kinachonionyesha haraka namna aliyeandika alivyofikiri ni jinsi alivyotumia urithi: klasi ipi ameifanya mama, zipi tanzu, na kitu gani amekiacha makusudi bila kukiandika.

Kwa asiyeifahamu, klasi dhahania ni klasi ambayo lugha inakataa kuiundia obijekti. Ina data yake, ina methodi zilizokamilika, lakini kwa kawaida ina pia methodi moja au zaidi zilizotajwa jina tu bila mwili. Anayerithi ndiye anayejaza. Haya ndiyo iliyonifundisha. Sikuyapanga kwa uzito.

1. Anza na wanachofanya, si wanavyoitwa

Vitabu vya wanaoanza hupenda kufundisha urithi kwa wanyama: klasi Mnyama, chini yake Paka na Mbwa, kila mmoja na sauti yake. Kwa somo la kwanza sina ugomvi na mfano huo. Tatizo ni mazoea unayomwachia mwanafunzi ya kuipanga dunia kwa majina. Siku akipewa mfumo wa chuo anaandika Mtu, chini yake Mfanyakazi na Mwanafunzi, chini ya Mfanyakazi anaweka Mhasibu na Mhadhiri, halafu anakwama kwa mhadhiri msaidizi ambaye ni mwanafunzi wa uzamili chuoni hapohapo. Mti wake hauna tawi la mtu huyo.

Walioanzisha jambo lenyewe walianzia kwingine. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa Kituo cha Kompyuta cha Norwe mjini Oslo, walikuwa wakiiga kwa kompyuta mambo yanayosogea na kusubiri. Mfano mmoja waliouhangaikia ni daraja la kulipia, lenye foleni ya malori, mabasi na magari madogo. Kila chombo kinaingia foleni, kinasogea, kinalipa, kinaondoka. Lugha yao ya mwanzo, Simula I, haikuwa na njia nzuri ya kuyaandika mara moja yale ya pamoja na kuyaacha yale ya pekee yabaki ya pekee. Tony Hoare wa Uingereza alikuwa ameeleza wazo la rekodi zenye aina ndogo ndani yake. Wakalichukua, wakaligeuza, na katika Simula 67 klasi moja ikaweza kutangulia nyingine na kuipa yote iliyo nayo. Utaratibu uliweza hata kutajwa kwenye klasi ya juu ukaandikwa kwenye ya chini. Mkazi wa Kigamboni anayepita Daraja la Nyerere hahitaji maelezo marefu: pikipiki, bajaji, daladala na gari dogo hutozwa viwango tofauti, lakini vyote vinasimama mbele ya kizuizi kilekile.

Kwa hiyo ninapoona klasi mama mpya kwenye msimbo, huuliza klasi tanzu zake zinapitia hatua gani za pamoja. Nikijibiwa "zote zina jina na tarehe", najua hapo hapajawa na sababu ya urithi.

2. Klasi dhahania iliyo nzuri hushika mfuatano

Mfumo ulionifundisha hili ni wa kupokea ada za shule. Aliyeuandika kabla yangu alikuwa fundi hasa, na mpaka leo natamani kumfahamu. Alikuwa na klasi dhahania moja, Malipo, yenye methodi pokea(). Ndani ya pokea() kulikuwa na hatua zote kwa mpangilio: hakiki namba ya mwanafunzi, tengeneza namba ya kumbukumbu, omba fedha kwenye mtandao wa simu, hifadhi matokeo, toa risiti, mtumie mzazi ujumbe. Hatua ya tatu pekee, ombaFedha(), ndiyo iliyokuwa dhahania. Klasi tanzu za M-Pesa, Airtel Money na Tigo Pesa zilijaza hiyo tu, kila moja kwa lugha ya mtandao wake.

Ichukulie kama fomu ya kufungulia akaunti benki. Mpangilio wa maswali umeshachapwa, huwezi kuweka sahihi kabla ya jina, na kilicho chako ni kile unachoandika kwenye nafasi zilizoachwa. Kwa mfumo ule, programa anayeunganisha mtandao mpya hakuwa na uwezo wa kusahau risiti. Hata angetaka kuisahau, haikuwa mikononi mwake. Tigo Pesa ilipobadilishwa jina mwaka 2024 kuwa Mixx by Yas, marekebisho yetu yalikaa ndani ya klasi tanzu moja. Risiti, kumbukumbu na ujumbe wa mzazi havikuguswa.

Muundo huu una jina lake katika kitabu cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides cha mwaka 1994 kuhusu mifumo ya usanifu wa programu. Wanauita Template Method. Lakini ulikuwapo kabla ya kitabu, na umejaa katika vitu tunavyotumia kila siku. Fungua InputStream ya Java. Methodi inayosoma baiti moja ni dhahania: inarudisha namba kati ya 0 na 255, au -1 data ikiisha. Methodi inayosoma fungu zima la baiti imeshaandikwa, na kwa chaguo-msingi inaiita ile ya baiti moja tena na tena. Maana yake ni kwamba ukijua kutoa baiti moja kutoka kwenye chanzo chako, iwe faili au kumbukumbu ya kompyuta, umeshapata mkondo kamili wa kusoma. Ni kweli utakuwa mwepesi zaidi ukiiandika upya na ile ya fungu, na klasi ya kusoma faili inafanya hivyo. Lakini hulazimishwi.

Walioandika programu za Android miaka ya nyuma wanaikumbuka AsyncTask. Nayo ilikuwa klasi dhahania ya namna hii: doInBackground ilikuwa lazima uiandike, zile za kutangulia na kufuatia kazi ulijaza ukitaka. Mfuatano wenyewe ulishikwa na Android. Iliondolewa katika orodha ya vinavyopendekezwa kuanzia Android 11, mwaka 2020, kwa sababu zinazohusu nyuzi za kazi na skrini zilizokwisha kufungwa huku kazi bado inaendelea. Mpangilio wa kuacha nafasi haukuwa na hatia.

3. Uliza kosa litaonekana lini

Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniita mezani kwake. "Kaka, hii klasi imegoma. Naandika new Malipo() inakataa."

Nikamwambia aiache igome, hiyo ndiyo kazi yake. Kisha nikamwonyesha mfumo mwingine wa Python, wa saccos, ambao haukugoma ulipotakiwa kugoma. Klasi mama ya mikopo ilikuwa na methodi ya kukokotoa riba ambayo ndani yake kulikuwa na mstari mmoja tu, raise NotImplementedError. Aina mpya ya mkopo iliongezwa, methodi ile ikasahauliwa, mfumo ukawaka vizuri, wanachama wakakopa. Kosa lilijitokeza mwisho wa mwezi, riba zilipoanza kukokotolewa, mhasibu akiwa na ripoti ya kupeleka kwenye kikao.

Njia hiyo ni ya zamani. Smalltalk-80 iliitumia: kwenye klasi mama unaandika self subclassResponsibility, yaani kazi hii ni ya klasi tanzu, na tanzu ikisahau, programu inalia siku methodi itakapoitwa. Kwa lugha ya wakati ule ilitosha. Kwa mfumo unaoshika fedha za watu, kusubiri mpaka methodi iitwe ni kuchelewa mno.

C++ ilipata klasi dhahania rasmi katika toleo la 2.0, mwaka 1989. Bjarne Stroustrup alichagua alama ya = 0 mwishoni mwa tamko la methodi, na ameeleza mwenyewe kwamba hakuona uwezekano wa neno jipya kukubaliwa wakati ule. Ndiyo maana mpaka leo wanaoanza C++ wanashangaa sifuri ile inatafuta nini pale. Alama si ya kupendeza ila matokeo yake ni makubwa: kompaila inakataa kuunda obijekti ya klasi ambayo bado ina pengo. Java ilikuja na neno abstract, nayo inakataa mapema vilevile, kabla programu haijafika kwa mteja.

Python imekaa katikati. Guido van Rossum na mwenzake Talin walileta klasi dhahania kwenye lugha hiyo kuanzia toleo la 2.6, mwaka 2008. Ukiweka alama ya @abstractmethod, Python haikatai klasi, inakataa obijekti: mara tu unapojaribu kuiunda, inakuambia methodi ipi haijajazwa. Lakini kuna mtego ambao nimeuona kwenye misimbo mingi. Alama hiyo peke yake haifanyi kitu. Lazima klasi yenyewe irithi kutoka ABC, au itumie ABCMeta. Bila hivyo, @abstractmethod ni pambo, na obijekti itaundwa bila malalamiko yoyote. Kwenye ule mfumo wa saccos tuliongeza vyote viwili, na jaribio moja linalounda obijekti ya kila aina ya mkopo kabla mfumo haujapelekwa kwenye seva.

4. Methodi inayokataa kazi inakuonyesha ufa

Mfumo wa ada niliousifu ulikuja kuharibika, na uliharibikia hapa.

Shule iliomba ipokee pia fedha taslimu dirishani kwa mhasibu. Timu iliyokuwa nao kipindi hicho ikaandika MalipoTaslimu, nayo ikairithi Malipo kwa kuwa, kwa jina, taslimu ni malipo. Tatizo ni kwamba wakati huo Malipo ilikuwa imeshaongezewa subiriJibu(), kwa ajili ya mitandao ambayo jibu lake huja baadaye, na rejesha(), ya kurudisha fedha iliyotumwa kwa makosa. Taslimu haisubiri jibu la mtu. Kwa hiyo subiriJibu() ikaandikwa mwili mtupu. Na rejesha()? Wakaandika itupe kosa: haiwezekani.

Kila faili ukiisoma peke yake inaonekana sawa. Ila kulikuwa na kazi ya usiku iliyopitia orodha ya malipo yote yenye dosari na kuyaita rejesha() moja baada ya jingine. Siku ya kwanza ilipokutana na malipo ya taslimu, ilisimama hapohapo, na wazazi waliokuwa nyuma kwenye orodha, waliolipa kwa simu, hawakurudishiwa chochote. Walianza kupiga simu shuleni asubuhi.

Barbara Liskov wa MIT alilieleza jambo hili mwaka 1987 kwenye mkutano wa OOPSLA, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaliandika kwa ukamilifu wa kihesabu. Kwa maneno ya kawaida ni hivi: popote programu inapotegemea klasi mama, uiwekee yoyote kati ya klasi tanzu, na yale ambayo programu ilikuwa na haki ya kuyategemea yaendelee kuwa kweli. Kompaila inaangalia majina ya methodi na aina za data. Haiwezi kujua kwamba rejesha() iliahidi kurejesha. Ahadi hiyo inatunzwa na watu.

Hata mabingwa wanaivunja wakati mwingine. Katika Java, AbstractList inakutaka uandike methodi mbili tu, get na size, nayo inakupa orodha kamili ya kusomwa. Lakini orodha hiyo ina add, na add ya chaguo-msingi inatupa UnsupportedOperationException. Waliosanifu maktaba hiyo walikubali gharama hiyo wazi, wakaziita operesheni za hiari, ili wasilete violesura (interface) vingi kwa kila aina ya orodha. Mimi ningependelea violesura viwili, cha kusoma na cha kuandika, na nimeshabishana na wenzangu mara nyingi kuhusu hili. Walichonishinda nacho ni kwamba angalau iliandikwa kwenye maelezo. Kwenye mfumo wa ada haikuandikwa popote.

Marekebisho yenyewe hayakuwa ya kishujaa. Tuliiondoa rejesha() kwenye Malipo, tukaiweka kwenye kiolesura chake, Yanayorejesheka. Klasi za mitandao zikakitekeleza, taslimu haikukitekeleza, na ile kazi ya usiku ikaanza kupokea orodha ya Yanayorejesheka tu. Mtu akijaribu kuiingizia taslimu leo, kompaila inamzuia. Malipo ya taslimu yenye dosari yanachapwa kwenye karatasi ya mhasibu.

5. Kukwepa kunakili si sababu ya kurithi

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa Java imelisema kwa sauti tangu siku zake za mwanzo. Stack, rundo ambalo unaweka juu na kuchukua juu, ilifanywa tanzu ya Vector kwa sababu Vector ilikuwa na mahali pa kuweka vitu. Matokeo ni kwamba rundo la Java linakubali uchomeke kitu katikati, jambo ambalo linaua maana ya rundo. Properties, ya kuweka mipangilio kwa maandishi, ilirithi Hashtable. Kwa hiyo unaweza kuitumbukizia kitu kisicho maandishi, ikakipokea kimya, ikaja kushindwa siku ya kuhifadhi kwenye faili. Klasi hizo bado zipo, kwa sababu programu nyingi mno zinazitegemea, na maelezo ya Stack yenyewe yanakuelekeza utumie Deque.

Ninachofanya ni kuiweka klasi ninayoihitaji ndani ya yangu na kuiita. Ni mistari michache zaidi ya kuandika. Lakini nje naonyesha methodi ninazotaka mimi, na kesho nikibadili kilichomo ndani hakuna anayejua.

6. Konstrakta ya mama isiguse kilicho cha tanzu

Katika Java, kwa kawaida konstrakta ya klasi mama, yaani sehemu inayoijenga obijekti, inamaliza kwanza, ndipo data ya klasi tanzu inapopewa thamani zake. Ukiiita methodi dhahania ndani ya konstrakta ya mama, itakayoendeshwa ni ile ya tanzu, ikifanya kazi juu ya data ambayo bado ni null. Niliikuta kwenye mfumo wa hesabu za duka: klasi mama ilisoma mipangilio ndani ya konstrakta, na klasi tanzu ilikuwa na orodha ambayo haijaundwa bado. Kosa lilionekana kama la hifadhidata, na kila aliyeligusa alihangaika na hifadhidata. C++ inafanya tofauti: wakati mama anajengwa, mwito hauendi kwa tanzu kabisa, na methodi ikiwa haina mwili, programu kwa kawaida inakufa palepale. Tengeneza methodi ya anza(), iite baada ya obijekti kuwa tayari.

7. Kwenye hifadhidata, neno moja linabadilisha majedwali

Wanaotumia Django wataelewa. Unaandika modeli mama yenye tarehe ya kuundwa, tarehe ya kubadilishwa na jina la aliyeandika, kisha modeli zote, Mwanafunzi, Ada, Risiti, zinairithi. Ukiweka abstract = True ndani ya Meta, modeli mama haipati jedwali; safu zake zinaandikwa ndani ya jedwali la kila tanzu. Usipoweka, Django haikatai na haikuonyi. Inaunda jedwali la mama, kisha inaunganisha kila tanzu nalo kwa uhusiano wa mmoja kwa mmoja.

Kwenye mfumo mmoja nilioupokea, neno hilo lilisahauliwa. Kila risiti iliandikwa kwenye majedwali mawili. Kila orodha ya risiti iliyafungamanisha yote mawili. Na jedwali la mama, kwa kuwa lilikusanya kila kitu kilichowahi kuandikwa kwenye mfumo, lilikuwa kubwa kuliko mengine yote kwa mbali, wakati halikuwa na maana yoyote kwa mtumiaji. Katika msimbo, tofauti ni mstari mmoja. Katika data iliyokwisha kuingia, ilitubidi kuandika uhamisho wa tahadhari, jedwali kwa jedwali, shule ikiwa likizo.

Kwa Java au C# kusahau abstract kwenye klasi mama kunaweza kukaa miaka bila kumdhuru mtu. Kwenye modeli za hifadhidata kuna bili yake, na inakua kadiri data inavyokua.

8. Kiolesura au klasi dhahania?

Swali la usaili wa kazi, na majibu mengi ninayoyasikia yamepitwa. Mtu anasema kiolesura hakina mwili wowote, klasi dhahania inao. Ilikuwa hivyo mpaka Machi 2014. Java 8 iliruhusu methodi zenye mwili ndani ya violesura, kwa sababu walitaka kuongeza mambo kama forEach na stream kwenye maktaba ya makusanyo bila kuvunja kila klasi duniani iliyokwisha kuyatekeleza.

Tofauti iliyobaki ni ya data. Klasi dhahania inaweza kushika data ya kila obijekti na kuwa na konstrakta, kiolesura hakiwezi. Na katika Java unarithi klasi moja tu, ila violesura unatekeleza utakavyo. Kwa hiyo ukimpa programa mwingine klasi dhahania airithi, umechukua nafasi yake ya pekee ya kurithi. Uwe na kitu cha kumpa chenye thamani hiyo: mfuatano, data, au vyote. Go iliyotoka mwaka 2009 haina urithi wa klasi kabisa, na watu wanajenga mifumo mikubwa kwayo, kwa hiyo anayedai bila urithi hakuna kazi inayofanyika nampa pole.

9. Funga milango ambayo hukukusudia kuifungua

Joshua Bloch ana mfano katika kitabu chake cha Java ambao huwapa vijana wote wa ofisini waujaribu kwa mikono yao. Unarithi HashSet, unataka kuhesabu vitu vilivyowahi kuingizwa. Unaandika upya add ili iongeze moja, na addAll iongeze idadi ya vitu vilivyopewa. Ingiza vitu 3 kwa addAll, hesabu inasoma 6. Sababu ni kwamba addAll uliyoirithi, inayotoka kwenye klasi dhahania AbstractCollection, huiita add kwa kila kitu, na add hiyo sasa ni ya kwako. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia majina ya methodi. Ushauri wake ni kwamba klasi iandaliwe na kuandikiwa maelezo ya kurithiwa, la sivyo izuiwe kurithiwa. Waliounda Kotlin waliuchukua kwa uzito: klasi zake hazirithiki mpaka uandike open, isipokuwa zile dhahania. Java nayo kuanzia toleo la 17, mwaka 2021, inakuruhusu kuorodhesha kwa majina klasi zinazoruhusiwa kurithi.

Kwenye mfumo wa ada, pokea() sasa ni final. Hakuna tanzu inayoweza kuiandika upya ikaruka risiti. Anayetaka hatua mpya anakuja kuomba nafasi, na tunajadili. Mara ya mwisho dada mmoja wa timu aliomba nafasi kabla ya ombaFedha(), kwa ajili ya mtandao unaotaka namba ya simu ihakikiwe kwanza. Tuliiongeza kama methodi ya kawaida yenye mwili mtupu, kablaYaKuomba(), si dhahania. Kijana yule wa mafunzo akaniuliza mbona tuliuchukia mwili mtupu wa subiriJibu() halafu tunauandika wenyewe hapa. Ni swali zuri. Pale msimbo mwingine ulitegemea jibu lije. Hapa hakuna anayetegemea chochote. Mtandao usio na la kuhakiki haufanyi kitu, na malipo yanapita. Tukayaandika maelezo hayo juu ya methodi, mistari miwili, tukaendelea na kazi.